Vibati vya Boti ya Rusimbi

Dawa ya wimbi la mbele si dawa ya wimbi la nyuma.

Bibi Kashindi alimwambia hivyo jirani yetu, Mama Yoeli, aliyekuja kulalamika kuhusu binti yake mdogo. Yule mkubwa alikuwa mtoro wa shule, akanyooshwa kwa fimbo. Huyu mdogo ni mwoga, naye alipewa fimbo ileile, na sasa alikuwa hasemi na mtu. Mama Yoeli aliaga. Sisi tuliokuwa tukimenya mihogo pamoja na Bibi tukamuuliza maneno yale yametoka wapi.

"Mnadhani ni ya kale sana," alisema. "Aliyeyasema kwanza nilimjua. Mwanzo wake ni huu."

Rusimbi alikuwa na boti ndogo ya faiba yenye injini moja nyuma. Wakati huo, kama sasa, milima iliizuia barabara kufika kwetu, kwa hiyo wagonjwa walipelekwa kwa njia ya ziwa hadi hospitali ya misheni, upande wa kusini. Kiangazi upepo huvuma kutoka hukohuko. Kwenda ni kupigwa na mawimbi usoni. Kurudi ni kusukumwa nayo mgongoni.

Boti ile ilikuwa na tabia ya kuinua pua. Ikishika mwendo, mbele hupanda kama ng'ombe anayekataa kamba, kisha huangukia wimbi kwa kishindo. Dawa yetu ilikuwa gunia la mchanga. Ukielekea kusini unaliweka mbele kabisa, na pua inatulia kidogo. Siku ya kurudi, kabla ya kuisukuma boti majini, wanaume huliburuta hadi nyuma. Hakuna aliyeuliza sababu. Lilihamishwa kama mtu anavyovua viatu mlangoni.

Lakini gunia lilipunguza vishindo tu, halikuvimaliza. Siwema, mke wa Rusimbi, aliharibikiwa na mimba mbili, na ya pili ilitokea humohumo botini, wakiwa njiani kwenda hospitali. Rusimbi aliamini kwamba vishindo ndivyo vilivyomuua mtoto. Labda ndivyo, labda sivyo. Mimi si mganga. Najua tu kwamba tangu siku ile hakupenda mtu yeyote akae mahali pale Siwema alipokuwa amelala.

Siwema alipopata mimba ya tatu, Rusimbi aliipeleka boti Kigoma kwa fundi. Huko ilifungwa vibati viwili vya chuma, kimoja kila upande wa injini, chini kabisa, vikining'inia kwa bawaba. Karibu na usukani kulikuwa na swichi. Ukiibonyeza, vibati vinashuka, maji yanavisukuma, nyuma ya boti inanyanyuka na pua inainama; ukiibonyeza tena, vinapanda. Fundi alimjaribishia bandarini, kwenye maji matulivu. "Ukiona pua iko juu, bonyeza," alimwambia, na Rusimbi hakuuliza zaidi.

Aliporudi alilifungua lile gunia, akaumwaga mchanga ufukoni mbele ya watu. Alikuwa akicheka, jambo ambalo tulikuwa tumelisahau usoni pake.

"Mzee Gunia amestaafu," rafiki yake Kagoma alimtania. "Mpe basi kiinua mgongo chake."

Uchungu ulimshika Siwema kiangazi, upepo ukiwa mkali. Rusimbi alivishusha vibati hadi mwisho, na boti ikayakata mawimbi kama kisu kwenye ugali wa moto. Siwema hakurushwa hata mara moja. Alijifungua mtoto wa kike, mzima, mwenye sauti. Rusimbi alitoka wodini akateremka ufukoni, akaingia majini na nguo zake, akavipapasa vile vibati.

Kwa desturi yetu mtoto hupewa jina nyumbani kwa baba yake, kwa hiyo hawakutaka kukawia. Siku ya kurudi upepo ulikuwa haujalegea. Mama yake Siwema, Bi Nyamisi, aliyekuwa amewasindikiza, alisimama ufukoni akiwa amempakata mjukuu wake.

"Mkwe wangu, mbona hujahamisha mchanga?"

"Mchanga upi, mama? Tulishauacha. Kazi yake inafanywa na vibati."

"Navyo unavihamishia nyuma?"

Rusimbi alitabasamu. "Viko nyuma tayari, mama."

"Haya. Wewe ndiye mwenye boti."

Siwema alipolazwa juu ya godoro alimpokea mtoto, akamwambia mumewe, "Viache hivyohivyo vilivyotuleta. Usiviguse."

"Sivigusi," alisema Rusimbi.

Basi wakaondoka, vibati vikiwa chini na pua imeinama. Mawimbi yaliwabeba kutoka nyuma, na mwanzoni safari ilikuwa laini kuliko ile ya kwenda. Kisha likaja wimbi kubwa. Liliinyanyua boti kwa nyuma, boti ikateremka mbio, na pua ikachoma ndani ya maji mbele yake badala ya kupanda. Rusimbi alizungusha usukani, boti haikumsikia. Iligeuka ubavu, na wimbi lililofuata likaipindua.

Wavuvi waliokuwa wakianika nyavu waliwaona. Waliwakuta Siwema na mama yake wameshikilia boti iliyopinduka. Rusimbi alikuwa akizama na kuibuka, akizama na kuibuka. Walimtoa kwa nguvu, mkononi ana kanga tupu. Mtoto hakuonekana, siku ile wala baadaye.

Tulikaa matanga yasiyo na kaburi. Siwema alikuwa chumbani, maziwa yakimlowesha nguo, nasi wanawake tukimbadilisha. Nje, Kagoma alikuja na vijana wameshika spana.

"Tunakwenda kuving'oa vile vyuma," alisema. "Vimeua mtoto."

"Viacheni," Rusimbi akajibu.

"Rusimbi, ndugu yangu..."

"Vilimfikisha mama yake salama, Kagoma. Bila hivyo huenda nisingemsikia mwanangu akilia hata mara moja. Kosa si lao. Gunia tulilihamisha miaka yote, na mimi nilipolimwaga nilidhani nimemwaga mchanga tu. Dawa ya wimbi la mbele si dawa ya wimbi la nyuma."

Kutoka chumbani tulimsikia Siwema. "Ni mimi niliyekwambia usiviguse."

Rusimbi aliinuka, akaingia kwa mkewe. Sisi wanawake tulitoka, tukawafungia mlango.

Bibi Kashindi alikiweka kisu juu ya maganda ya mihogo.

"Siku hizi watu huisema methali hii kwa mambo ya shamba, ya ndoa, hata ya siasa, na wengi hawamjui Rusimbi. Si lazima wamjue. Lakini mimi, kila ninapoisema, namkumbuka mtoto ambaye hatukuwahi kumwita kwa jina. Babaye alimpenda mno, akashika kwa mikono miwili kile kilichomfaa jana. Dawa ya wimbi la mbele, wanangu, si dawa ya wimbi la nyuma."