Simu ya Marehemu

Ndugu zangu, palikuwa na mtangazaji mmoja wa habari za televisheni. Mafuriko yakiua watu wanne, yeye alisema arobaini. Ameketi ofisini, alisema amesimama kwenye maji. Siku alipobainika alifukuzwa, na kazi aliyoipata baadaye ilikuwa katika redio ndogo ya wilayani kwao: kusoma matangazo ya vifo.

Huko alitubu kweli. Miaka sita hakuongeza neno. Lakini wasikilizaji walikwishajiwekea desturi yao: akisoma jina la marehemu, kabla ya kwenda msibani, wanapiga kwanza simu ya marehemu. Wafiwa wanapokea, wanathibitisha, ndipo watu wanatoka majumbani.

Alfajiri moja mkewe akafariki. Waliishi wawili tu. Akamfunika, akafunga mlango, akaenda kusoma: maziko ni leo, baada ya alasiri. Aliporudi alitarajia kukuta ndara zimejaa barazani. Hapakuwa na hata jozi moja. Ila ndani ya nyumba iliyofungwa, simu ilikuwa inaita.

Ilikuwa juu ya mto wa kulalia, karibu na kichwa cha marehemu. Akapokea. Alikuwa jirani, rafiki wa mkewe.

"Shoga! Umesikia redio? Leo mumeo kakuua wewe!" Akacheka sana.

"Ni mimi, shemeji. Ni kweli, amefariki. Njooni mumwoshe."

"Wee! Mimi hunipati. Hebu mwekee mwenyewe simu sikioni."

Angefanya nini, ndugu zangu? Jua lilikuwa linapanda, na mtu mmoja hawezi kubeba jeneza. Akafunua shuka, akaiweka simu kwenye sikio lile la baridi.

Jirani akaongea. Akatania habari za mandazi yaliyoungua jana. Akanyamaza, kama anayengoja kujibiwa. Akaita, "Shoga?" Akaita tena, polepole. Kisha pakawa kimya pande zote mbili, na mume yule akabaki ameinama, ameshika simu, hadi aliposikia jirani anaanza kulia.

Saa moja baadaye nyumba ilijaa watu.

Mnaona? Maiti aliaminiwa, mumewe hakuaminiwa. Miaka sita ya kusema kweli ilishindwa na dakika moja ya ukimya wa aliyekufa.

Nasi tunajitetea: mimi si mtangazaji, nilitia chumvi kidogo tu, watu wakacheka, yakaisha. Mwenyezi Mungu hupokea toba ya mja wake, hilo ametuahidi. Sikio la jirani halikutuahidi kitu. Siku tutakapokuwa na neno moja la kweli lisiloweza kungoja, nani atanyanyuka na kuja?

Kila mmoja wetu anaye mtu ambaye bado anamwamini bila kuuliza kwingine. Ukirudi kwako leo, mpe habari kama ilivyo, hata kama haisisimui.