Godoro la Mheluka

"Nyasi huonwa kwa macho, hujulikana kwa makalio." Ndivyo alivyosema shangazi yenu juzi, mlipokuwa mkimsifia mchumba wa dada yenu, mtu mliyemwona mara moja tu, tena akiwa juu ya pikipiki. Mlicheka kwa sababu ya neno la mwisho, kisha mkaja kuniuliza kama shangazi hakuona haya. Hakuona haya, wajukuu zangu, kwa sababu hakutukana. Alisema methali, na methali ina mahali ilipozaliwa. Hii nitawaeleza ilivyozaliwa, kwa utaratibu, kama nilivyozoeshwa katika madarasa ya jioni ya watu wazima, ambako mwalimu hakukubali mtu aanzie katikati.

Kabla ya magodoro ya sponji kufika kijijini kwetu, tulilalia nyasi zilizojazwa ndani ya kitambaa cha marekani. Na kijana aliyetaka kuoa alipaswa kujaza godoro kwa mikono yake, kisha amkaribishe baba wa binti alikalie. Mzee akikaa juu yake na kuzungumza mpaka chakula kikaletwa, posa imekubaliwa. Akiinuka kabla ya chakula, posa imekufa, wala hakuna aliyeruhusiwa kuuliza sababu.

Alikuwapo kijana aitwaye Mheluka. Alimpenda Nyemo, binti wa mzee Ndahani, na Nyemo alimpenda. Tatizo lilikuwa kwa Ndahani. Kila mara aliposikia jina la kijana huyo alisema, "Yule anajua kila kitu. Nikimpa binti, kesho atanifundisha kukohoa." Wala hakumsingizia. Mheluka alikuwa kijana mzuri, mchapakazi, lakini neno "sijui" halikuwa limewahi kupita mdomoni mwake. Ukimuuliza njia ya mahali asipopajua, atakuonyesha. Mwaka mzima Ndahani aliahirisha. Hatimaye akakubali kuja, na Nyemo akamwambia Mheluka, "Baba akiinuka kabla ya chakula, hatarudi tena."

Basi Mheluka akachukua mundu kwenda kukata nyasi. Bondeni kwetu kulikuwa na nyasi tatu za ukoo mmoja, zinazofanana kama watoto wa mama mmoja. Ya kwanza ilikuwa na masuke ya manyoya laini, na hiyo ndiyo ya magodoro. Ya pili ilikuwa mbigili yenyewe, yenye miiba ambayo hata kipofu angeikwepa. Ya tatu ndiyo iliyokuwa mnafiki. Suke lake lilikuwa na manyoya kama ya kwanza, lakini kila unyoya ulikuwa na vimeno vidogo vilivyoelekea chini.

Bibi yake, bibi Mbeleje, alikuwa akipepeta mtama uani. Akamwambia, "Ukifika, shika suke ulipapase. Ukipapasa kushuka, zote ni laini. Papasa kupanda. Ile mbaya itakukwama vidoleni."

"Bibi, nimechunga bonde lile miaka kumi na miwili. Nyasi nazijua kwa kuziona tu."

"Ulichunga ng'ombe. Nyasi zilijichunga zenyewe."

Mheluka akacheka, akaenda. Alifika mapema, umande ukiwa bado mwingi. Alipapasa suke moja, kwa heshima ya bibi, lakini alilipapasa kushuka, kama mtu anavyompapasa paka. Likawa laini. Akakata mzigo mzima palepale, maana nyasi zilikuwa nyingi na nzuri. Hakujiuliza kwa nini ng'ombe wa kijiji kizima walikuwa wamezibakiza.

Akazianika siku mbili, akazigeuza kwa uma wa mti, akazishindilia ndani ya marekani kwa mpini wa jembe. Mikono yake haikuzigusa tena.

Siku ya posa mzee Ndahani alikuja peke yake, amevaa kanzu iliyopigwa pasi. Alikuwa maarufu kwa hotuba. Salamu zake tu zilitosha kuivisha maharage. Akakaribishwa godoroni mbele ya ndugu wa Mheluka, akakaa kwa uzito wake wote, akaanza, "Kwanza kabisa, ndugu zangu..." Akahamia kushoto. "Pili," akasema. Akahamia kulia. Ya tatu haikuja.

Mheluka, aliyekuwa amesimama karibu na mlango, akaona jasho kwenye paji la uso la mzee, akafikiri ni hasira.

"Njoo ukae hapa, mwanangu," alisema Ndahani, akipiga godoro kwa mkono. Kisha akautazama mkono wake.

Mheluka akakaa. Hapo ndipo alipoelewa. Manyoya yale yalikuwa yamekauka yakawa miiba, na kila alipojisogeza yalizidi kuingia, kwa sababu vimeno vile havina njia ya kurudi. Lakini kijana hawezi kuinuka kabla ya mkwe, wala hawezi kujikuna mbele yake. Mkwe naye hawezi kujikuna mbele ya kijana. Wakakaa wima bega kwa bega, kama watu wanaopigwa picha.

"Godoro limejaa vizuri," alisema mzee.

"Ahsante, baba."

"Umejaza mwenyewe?"

"Mwenyewe, baba."

Bibi Mbeleje akachungulia kutoka jikoni. "Mbona mnacheza ngoma mkiwa mmekaa?"

"Tunazungumza, mama," alisema Ndahani. "Chakula kimefikia wapi?"

"Jogoo ni mzee, mkwe wangu. Amegoma."

Ndahani akashusha pumzi polepole, akamgeukia Mheluka. "Niambie, mwanangu. Hizi ni nyasi gani?"

Mheluka akafungua mdomo. Jibu lilikuwa tayari, kama kawaida yake: ni zile laini, baba, za upande wa juu wa bonde. Alimwona Nyemo akilini, akaona pia kwamba mzee alikuwa amekwisha kukunja goti la kuinukia. Mwiba mmoja ukamwingia mahali ambapo sitapataja.

"Baba," akasema, "nyasi hizi sizijui."

Mzee akamtegea sikio. "Rudia."

"Sizijui. Nilidhani nazijua. Bibi alinionya, nikamcheka."

"Basi leo umezijua," alisema Ndahani. Akalinyoosha tena lile goti lake. Akaita kwa sauti ya kutosha nyumba tatu, "Mama, huyo jogoo mlete hivyo hivyo."

"Hajaiva, mkwe."

"Mlete. Meno tunayo."

Bibi Mbeleje akamleta, na Ndahani akamtafuna jogoo yule nusu mbichi, akiwa juu ya godoro, mpaka mfupa wa mwisho. Ndipo akainuka, na posa ikawa imekubaliwa mbele ya watu wote. Aliondoka akitembea miguu imeachana kidogo, lakini aliwaaga wote kwa majina.

Nyumbani kwake alilala kifudifudi, na mkewe akaanza kumchomoa miiba kwa kibano, mmoja mmoja, akiuweka kila mwiba kwenye kisahani.

"Mume wangu, mimi sielewi," alisema mkewe. "Mwaka mzima umemtazama kijana yule akipita hapa, ukasema hafai. Leo umekaa naye muda wa kupika jogoo tu, tena jogoo asiyeiva, ukampa binti. Umemjuaje upesi hivyo?"

Ndahani akageuza shavu juu ya mto.

"Nyasi huonwa kwa macho, mama Nyemo," akasema, "hujulikana kwa makalio."