Kigoda cha Mgeni

"Mgeni akificha ugeni, mwenyeji haponi." Leo mmemsikia shangazi yenu Mwantumu akimwambia hivyo yule binti mpya wa cherehani, aliyejidai anajua kukata suti akaharibu kitambaa cha mteja. Mkaja kuniuliza methali hiyo imetoka wapi, kwa kuwa shuleni mlifundishwa ile ya mgeni njoo, mwenyeji apone. Ile ni ya wahenga. Hii ni changa, na ilianzia kwenye kibanda cha gemu. Chekeni mmalize, kisha nisikilizeni.

Korogwe, nyuma ya soko, palikuwa na kibanda cha mabati cha Mama Mkunde. Nje alikaanga mihogo, ndani aliweka televisheni moja kubwa, mashine ya gemu na benchi. Mbele ya benchi kilikaa kigoda kifupi cha mbao, kigoda cha mgeni. Ukija kucheza kwa mara ya kwanza unakaa pale, magoti yakikaribia kidevu, na wenzako wote wanasimamisha mambo yao wakuelekeze. Watakutania, ndiyo, lakini watakuelekeza mpaka uelewe. Ukishainuka umekuwa mwenyeji, na hakuna atakayekukumbusha tena.

Gemu lililopendwa pale lilikuwa la safari ya watu watatu kwenda kuliua joka. Mmoja anabeba ngao, mmoja anapiga mishale, wa tatu ni mganga. Hoza alikuwa wa ngao, shangazi yenu Mwantumu, wakati huo bado msichana, wa mishale, na kijana mmoja aitwaye Chambo ndiye mganga. Walianza safari ile wakati wa masika na walikuwa wamechagua njia ngumu kuliko zote: watatu wote wakifa, mashine inafuta kila kitu, na hakuna kurudi nyuma. Kwa hiyo walitembea kwa adabu. Chambo alikuwa akiinama kila kichaka kuchuma majani, na kwenye mfuko wake alikuwa ameweka maua makavu yasiyo na sura, ambayo humwinua mtu aliyekwisha kuanguka.

Walipoikaribia ngome ya joka, mambo mawili yakatokea. Chambo akapelekwa shule ya bweni. Halafu wakaja watu wa barabara, wakachora alama nyekundu ya X kwenye bati la Mama Mkunde. Kibanda kilitakiwa kuvunjwa Jumamosi, na mashine ilikwisha kupata mnunuzi. Safari nzima ya tangu masika ilikuwa ndani ya mashine ile. Wasipolimaliza joka wiki hiyo, basi tena.

Ndipo akatokea Mbelwa. Baba yake alikuwa karani, amehamishiwa kwenye shamba la mkonge akitokea Dar es Salaam, na Mbelwa alikuwa darasa moja na Hoza. Alikuwa mpweke kijana yule. Mapumziko alikula peke yake huku akijitia anasoma.

"Dar mnacheza gemu la joka?" Hoza alimuuliza siku moja.

"Lile? Tulishalichoka sisi," akasema Mbelwa.

Neno lilimtoka kabla hajalifikiri. Ukweli ni kwamba baba yake hakumruhusu hata siku moja kuingia kwenye kibanda cha gemu. Alikuwa akichungulia dirishani akitoka madrasa, akajua majina ya silaha na milio ya joka, lakini pedi, kile kidude cha vitufe cha kuchezea, hakuwahi kuishika. Ila alipoona uso wa Hoza umekunjuka kwa furaha, alishindwa kulirudisha neno lake mdomoni.

Alhamisi wakaenda, Mbelwa ashike nafasi ya Chambo, ya mganga. Mama Mkunde, bila kuuliza mengi, akakisogeza kigoda.

"Karibu mwanangu. Kaa hapo wenzio wakuelekeze."

"Shikamoo mama. Mimi si mgeni wa gemu hili," Mbelwa akajibu, akakaa kwenye benchi. Masikio yalimwaka moto, lakini gizani mle hakuna aliyeyaona.

Kwa muda mambo yakaenda. Njia ilikuwa nyeupe, na Mbelwa aliwafuata nyuma akiangalia vidole vya Mwantumu ili aibe ujuzi. Wakafika kijiji cha mwisho kabla ya ngome. Hoza akasema wapumzike kidogo, yeye na Mwantumu wakatoka kununua mihogo. Mbelwa akabaki peke yake na pedi.

Pale kijijini palikuwa na mfanyabiashara, na dukani kwake umening'inia upanga unaowaka moto. Mbelwa aliukumbuka upanga ule tangu enzi za dirishani. Akaona, nikiingia ngomeni na huu, hakuna atakayeniuliza nimetoka wapi. Akaufungua mfuko wa Chambo, akakuta majani na maua makavu, akadhani ni takataka za njiani. Akauza yote, akanunua upanga.

Alipotaka kuushika, mganga wake akakataa. Akabonyeza tena, akakataa tena. Mganga hashiki upanga, wanangu, hilo hata mtoto wa siku ya kwanza angeambiwa akiwa kwenye kigoda. Akajaribu kurudisha biashara, na hakujua wapi pa kubonyeza. Mara mlango ukafunguka, Mwantumu akaingia akilamba pilipili vidoleni, Hoza nyuma yake.

"Tuko tayari? Tukishavuka daraja la ngome, linakatika, hatutarudi huku tena." Akamtazama. "Mfuko uko sawa?"

Hapo ndipo palipokuwa na mlango wa kutokea. Neno moja tu lilitosha, na mfanyabiashara alikuwa bado yupo pale pale. Mbelwa alifungua mdomo. Akakiona kigoda mbele yake, kifupi, kama cha mtoto, akaona haya.

"Uko sawa," akasema.

Wakavuka. Daraja likakatika.

Joka lilikuwa joka kweli. Hoza akakinga ngao mpaka ikapasuka, Mwantumu akapiga mishale hadi joka likayumba na kupiga goti. Watoto wa nje walikuwa wamejazana mlangoni wakishangilia. Halafu mkia ukamkumba Hoza, akaanguka.

"Ua!" Hoza akapiga kelele. "Mpe ua, Mbelwa, limebaki kidogo tu!"

Mbelwa hakufanya kitu.

"Fungua mfuko! Unangoja nini?"

Akaufungua. Kwenye televisheni ile kubwa, mbele ya watu wote, mfuko wa mganga ukaonekana hauna ua hata moja, ndani yake upanga mmoja tu unawaka. Kelele za mlangoni zikakoma. Mwantumu alipigana peke yake, akaanguka. Mganga akafuatia. Kioo kikawa cheusi, kisha wakatokea watu watatu wapya kwenye kijiji cha kwanza, kila mmoja na fimbo.

Mbelwa alingoja wamtukane, na hawakumtukana. Hilo ndilo lililomuumiza. Hoza aliiweka pedi chini taratibu, akageukia ukutani. Mabega yalikuwa yakimtikisika.

"Umeshawahi kulicheza gemu hili?" Mwantumu akauliza, kwa sauti ya chini.

"Hapana."

"Gemu lolote?"

"Sijawahi kushika pedi."

"Sasa kwa nini hukusema? Tungekufundisha. Tungekukalisha hapo, tukucheke kidogo, basi, yaishe."

Alitamani ardhi ipasuke immeze. Alikuwa ameogopa kuchekwa kidogo, na sasa angetoa chochote wamcheke. Mama Mkunde alikuwa amesimama mlangoni na mwiko wake wa mihogo. Akatikisa kichwa.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone. Hivyo ndivyo tulivyolelewa," akasema. "Lakini mgeni akificha ugeni, mwenyeji haponi."

Hakusema kwa ukali. Mbelwa akatoka bila kuaga, akapita watoto wa mlangoni akiangalia miguu yake.

Ijumaa hakwenda shule. Jumamosi asubuhi alikuja kibandani, maana kukaa nyumbani na aibu ile kulimshinda. Hoza na Mwantumu walikuwa wakimsaidia Mama Mkunde kushusha mabati. Hakuna aliyemsalimu. Akashika bati upande wa pili, wakabeba. Paa likaisha, jua likaingia ndani, likakikuta kigoda, na televisheni na mashine ambazo mnunuzi alikuwa bado hajazifuata.

Mbelwa akajifuta mikono. Akakivuta kigoda mbele ya kioo, akakaa, magoti yakapanda kidevuni. Watu wa barabara walikuwa wakimtazama. Mteja wa mihogo naye alikuwa akimtazama.

"Mimi ni mgeni," akasema. "Sijui chochote. Nielekezeni."

Mwantumu ndiye aliyechukua pedi akampa.

"Ongea na kila mtu kabla hujatoka kijijini," akamwambia. "Hata yule bibi anayefagia. Na usiuze usichokijua kazi yake."

Baadaye kidogo Hoza naye akaja akachuchumaa kando, na Mbelwa alipokosea, akamsogezea kidole gumba mahali pake. Waliongea na watu wote wa kijiji kile, mmoja mmoja. Walikuwa wamefika kwenye lango la kwanza fundi umeme alipokata waya wa kibanda.

Joka halikuuawa. Hoza alimsamehe, ila mpaka leo wakikutana hawalitaji joka.

Kigoda Mama Mkunde alimpa Mwantumu, na ndicho hicho mnachokigombania pale kwenye cherehani. Kwa hiyo yule binti mwacheni alie kidogo, akinyamaza mpelekeeni kigoda hicho akikalie. Mwambieni na hivi: mgeni akificha ugeni, mwenyeji haponi.