Nyumba Inayofuata

Wapendwa, wekeni vitabu vya nyimbo magotini mnisikilize kidogo. Mfano huu msiutafute kwenye Maandiko, hamtauona. Nimeutunga mwenyewe jana nikipiga pasi kanzu hii, na nikiongeza chumvi mtanisamehe.

Alikuwepo mwalimu mmoja wa chuo cha Biblia, huko nyanda za juu kwenye baridi kali. Alifundisha Kiyunani, lugha ambayo mimi ilinitoa jasho miaka mitatu na mpaka leo tukikutana hatusalimiani vizuri. Yeye aliimeza yote. Alipomaliza kuisoma Injili akageukia hadithi za Wayunani wa kale, zile za majitu na majoka, na humo ndimo alimokutana na kisiwa.

Kilikuwa kisiwa kizuri mno, hadithi zilisema, chenye bustani na visima na nyumba nyeupe, kikamezwa na bahari katika siku moja. Mwalimu aliposoma habari hiyo mara ya kwanza alisimama wima, akavua kofia. Hebu fikirini na ninyi. Nchi nzima! Asubuhi vyungu viko jikoni, watoto wako michezoni, mtu anamdai mwenzake jembe lake. Jioni pale pote ni maji matupu, na ndege wanazunguka hawana pa kutua. Nani asingetetemeka?

Basi akaapa atakitafuta. Aliamini wazee wa Kiyunani hawakusimulia hadithi bure, walificha njia ndani yake. Jitu linalobeba mbingu mabegani? Huo ni mlima, akauchora. Ng'ombe wekundu wanaolala jua linapozama? Hayo ni majabali ya udongo mwekundu, akayachora. Joka lisilofumba macho? Huo ni moto unaochemka chini ya bahari. Kila kitu kilisimama badala ya kitu kingine. Akaenda hivyo miaka kumi na tisa. Ramani zilijaa ukutani, zikashuka sakafuni, hata marehemu mkewe katika siku zake za mwisho alikuwa akipita sebuleni kwa kunyata, mgongo ukutani.

Kitu kimoja tu kilimshinda. Mgeni.

Katika kila hadithi ya kisiwa kile alikuwemo mgeni aliyelowa, anabisha nyumba kumi na mbili, moja baada ya nyingine, na kila nyumba inamjibu sentensi ile ile. Mwalimu alikuna kichwa mpaka akaamua: nyumba kumi na mbili ni makundi kumi na mawili ya nyota, mgeni ni nyota yenye mkia, na ile sentensi ni maelekezo ya manahodha. Aliijua kwa moyo, kwa Kiyunani chake. Aliisema akioga, akaisema akipalilia kabichi. Akishapata mwaka nyota ile ilipopita, atajua ilielekea wapi, na kisiwa ni chake.

Siku moja mvua ilinyesha tangu alfajiri. Asubuhi majirani zake, walimu wenzake wote wa safu ile ya nyumba, walipita getini wakiwa na makoti na sufuria. Wakamwita, "Mwalimu, tunavuka mto kwenda mazishini, huji?" Akasema, "Eeh," bila kuinua kichwa. Siku hiyo alikuwa na hesabu ya mwisho na hakutaka kusikia la mtu. Alijifungia sebuleni, jiko la mkaa limewaka vizuri chini ya meza, miguu inaota moto. Saa nane mchana akapata mwaka. Akahesabu tena, ukatoka ule ule. Bahari yote ile, na kidole chake kimekaa juu ya mahali penyewe! Alilia, ndugu zangu. Nani kati yetu asingelia?

Wakati ule ule akasikia sauti mlangoni.

"Hodi! Hodi wenyewe!"

Akafungua kidogo, upana wa uso. Palikuwa na mama mmoja amelowa chapachapa, amembeba mgongoni bibi kizee aliyekwisha kuwa mwepesi kwa maradhi.

"Shikamoo baba."

"Marahaba."

"Tunatoka mbali, tunakwenda hospitali ya misheni. Daraja limekatika, lori letu limekwama hapo chini. Mama yangu baridi imemwingia vibaya. Nimeona moshi wako, nikasema niombe tuote moto kidogo tu."

Mwalimu alitazama nyuma yake. Ramani zilikuwa zimetandazwa sakafuni ukuta hadi ukuta, wino haujakauka. Akatazama miguu ya yule mama, matope mpaka magotini.

"Pole sana mama. Leo umenikuta vibaya, humu hamna pa kukanyaga. Pita mbele, nyumba inayofuata watakupokea."

"Hata barazani hapa, baba?"

"Barazani kuna upepo, utamuumiza mgonjwa. Pita mbele tu."

Bibi kizee akasema mgongoni, kwa sauti ya kukwaruza, "Twende mwanangu. Baba wa watu ana kazi."

Mwalimu hakuwa mtu mbaya, msimhukumu haraka. Aliingia ndani akatoka na mwavuli wake mzuri, ule wa mpini wa mbao, akampa. Yule mama akasema, "Ahsante, Mungu akubariki na kazi yako." Naye akafunga mlango akijisikia mtu mwema kabisa.

Akarudi mezani kuandika ugunduzi wake. Wanafunzi wake wa zamani walikuwa wamemwomba siku zote awaandikie kwa Kiswahili, wote waelewe. Kwa hiyo akaanza: kisiwa, mlima, ng'ombe, joka. Saa nzima kalamu ilikimbia. Akafika kwa mgeni, kwenye ile sentensi. Miaka kumi na tisa alikuwa ameisema kwa Kiyunani peke yake. Sasa akaiandika kwa lugha ya nyumbani, neno kwa neno:

*Wakamwambia mgeni: pita mbele, nyumba inayofuata watakupokea. Naye akapita mbele mpaka nyumba ya mwisho, na mbele ya nyumba ya mwisho palikuwa na bahari. Ndipo bahari ikaja.*

Kalamu ikasimama.

Akasoma tena. Akaisikia sauti inayosema maneno yale, na sauti ilikuwa yake. Haikuwa nyota. Haikuwa nahodha. Mgeni alikuwa mgeni, na mlango ulikuwa mlango. Ubaridi ulimpanda tangu nyayo hadi kisogoni, na jiko lilikuwa bado linawaka pale pale miguuni.

Alitoka mbio bila koti, bila viatu. Nyumba inayofuata: kufuli. Ndipo akakumbuka sufuria za asubuhi, na ile "eeh" yake. Ya tatu: kufuli. Alikimbia safu nzima akiita, "Mama! Mama mgeni!" na kila mlango ulikuwa na kufuli linachuruzika maji. Akafika nyumba ya mwisho. Mbele yake palikuwa na bonde, na bonde lote, mashamba, njia, nguzo za daraja, lilikuwa maji. Maji mapana, ya kijivu, yanatembea kimya kimya. Mwalimu alipiga magoti kwenye matope. Alikuwa amekitafuta kisiwa kile katika bahari za watu, na hapo alipopiga magoti ndipo kilipokuwa.

Barabarani hapakuwa na lori. Lilikuwa limegeuza, limeondoka, na nani alikuwemo na nani hakuwemo, hapakuwa na mtu wa kuuliza. Akarudi kwake taratibu. Getini, mahali alipopita mbio bila kupaona, palikuwa na mwavuli wake wa mpini wa mbao. Umekunjwa vizuri, umefungwa kifungo chake, umetundikwa usianguke.

Yule mama alikuwa amerudi. Aliona makufuli yote, akarudi na mzigo wake mgongoni, akapita mbele ya nyumba yenye moshi, akarudisha mali ya watu. Hakubisha mara ya pili.

Msiniulize kama bibi yule alipona. Mwalimu hakujua mpaka anazeeka, nami mfano nauacha pale pale ulipomwacha yeye.

Sasa tujitazame sisi. Maana sisi ni mafundi wa mafumbo, jamani! Tunajua pembe za mnyama wa Ufunuo ni zipi na muhuri wa saba ni upi. Wiki iliyopita hapa hapa watu wazima wawili nusura wavuane tai kwa ajili ya farasi mwekundu. Na mimi nimo, nimehubiri mfululizo wa wiki sita juu ya nambari moja. Lakini Mungu akisema mgeni, akisema mgonjwa, akisema mwenye njaa, tunaanza kutafuta maana yake. Ana maana gani nyingine? Ninaogopa, wapendwa. Naliogopa Neno lililo rahisi kuliko ninavyoogopa yote yaliyofichwa, kwa sababu lililo rahisi sina pa kujifichia.

Leo asubuhi katibu alisema wageni wasimame. Akasimama mmoja. Tulimpigia makofi, tukamwambia ajisikie nyumbani, akakaa. Yuko benchi la mwisho, karibu na mlango, na nje mvua mnaisikia. Nimemtazama ibada nzima. Viatu vyake vimelowa, na hakuna aliyemuuliza atakula wapi.

Nitafumba macho tuombe. Nikisema amina, kila mtu asimame aende kwa yule mgeni, na ninawasihi kwa jina la Bwana, asiwepo hata mmoja wa kugeuka kumtazama jirani yake.