Makorokoro Yaliyosema Pamejaa

Sogeeni, wanangu, niwape ya Bi Mwanakombo, mjane asiyetupa kitu. Birika limetoboka? "Litafaa!" Kinu kimepasuka? "Kitafaa!" Na kiatu kimoja cha marehemu mumewe, Makame, alikipakata kutwa kama mtoto. Vitu vilipozidi, vikaota ndimi.

Siku moja binti yake alikuja kutoka mbali.

"Hodi!"

Kabla mama hajafungua kinywa, makorokoro yakadakia: "Pamejaa!"

Bi Mwanakombo akalivurumisha birika nje.

"Hodi!"

"Pamejaa!"

Akakibingirisha kinu nje. Akafanya haraka, maana hodi ya tatu ndiyo ya mwisho. Asipokaribishwa, mtu hujiondokea.

"Hodi, mama! Nimejifungua. Nimekuletea Makame."

Kiatu kikafumbua kinywa. Bi Mwanakombo akakiziba kwa busu.

"Nyamaza, mume wangu. Si umesikia? Umerudi."

Akakiweka nje ya dirisha, taratibu, kisha akapaza sauti: "Karibuni, wanangu, karibuni ndani!"

Akanyoosha mikono mitupu, akampokea mjukuu wake.

Ngano yangu nimeitua hapo. Nanyi hebu tazameni, mmepakata nini?