Bahasha Mbili za Baba

Pu!

Kishindo kimoja tu, usiku, kwenye korido. Mama mmoja alitoka mbio na tochi ya simu, akamkuta baba mkwe wake chini, jasho linamtoka, mikono inatetemeka, maneno hayaeleweki.

Ndugu zangu, kishindo kile kilianzia mbali. Kilianzia dirisha la dawa.

Mama huyu alikuwa mkamwana mwema. Mumewe alifanya kazi mkoa mwingine, naye aliwatunza wazee wawili nyumbani: baba mkwe, mgonjwa wa presha, na kaka yake baba mkwe, mgonjwa wa sukari. Kila mwezi aliwachukulia dawa. Na mnaijua desturi yetu: mkamwana hatamki jina la baba mkwe, wala la ndugu yake. Kwa hiyo mtoa dawa alipouliza, "Hii niandike ya nani?" alijibu, "Ya Baba."

"Na hii?"

"Ya Baba pia."

"Dada, kwani wewe una baba wangapi?"

Foleni nzima ikacheka. Bahasha zote mbili zikaandikwa "Baba".

Mama akatafuta njia yake. Bahasha ya dawa ya sukari akaifunga uzi mwekundu. Miezi minne mambo yakaenda vizuri, mpaka Jumamosi moja yule kaka mtu alipotaka uzi wa kushonea kifungo cha koti lake la ibada. Akauona. Akaufungua. Uzi mwekundu kwenye koti jeusi, lakini kifungo kilikaa! Na jioni ile baba mkwe, ambaye hakuwahi kuugua sukari, akapewa vidonge vya sukari.

Bajaji ikawafikisha hospitali. Nesi akampima mzee, akamtundikia dripu, akageuka.

"Sukari imeshuka sana. Lazima nijue huwa anatumia dawa gani. Jina lake nani, nitafute faili?"

"Ni Baba."

"Baba nani?"

"Ile bahasha ilikuwa na uzi mwekundu..."

"Mama, mimi sina faili la uzi mwekundu. Nipe jina!"

Mama akaziba mdomo kwa khanga.

Hebu nisimame hapo kidogo. Tusimcheke. Nani kati yetu anaweza kuniambia sasa hivi vidonge vya mama yake ni vya nini? Si sisi tunaovimwaga vyote kwenye kopo moja, tukijisifu kwamba tunavijua kwa rangi? Tunawapigia wazee wetu magoti asubuhi, jioni tunawapa dawa kwa kubahatisha. Hiyo ni heshima gani? Tukitoka hapa, twende tukaandike kwenye kila bahasha jina kamili la mzee, dawa inatibu nini, inamezwa saa ngapi. Na bahasha tusiyoielewa tusimpe mtu. Tuirudishe dirishani tukaulize, hata foleni ikicheka.

Sasa turudi kwa yule mama. Nesi anangoja, kalamu mkononi. Mzee kitandani akafumbua macho. Alikuwa amesikia.

"Mwanangu," akasema kwa shida, "nitaje. Nitaje kabla hawajaniandika msalabani."

Mama akaishusha khanga.

"Anaitwa Lutengano," akasema. "Lutengano Mwaisumo."