Shahidi na Kompyuta Iliyokuwa Ikijizima

Ndugu zangu, nipeni masikio kidogo kabla hatujanyanyuka. Palikuwa na mwalimu mmoja mstaafu, mtu wa swala tano, ambaye majirani walimwendea kila walipotaka barua iandikwe ikaeleweka. Rafiki yake wa tangu ujana, akiwa mzima wa afya, alimwita nyumbani kwake akamwambia mbele ya mkewe: nyumba hii nimempa huyu, na wewe ndiye shahidi wangu.

Rafiki akafariki. Hata matanga hayajasahaulika, kaka wa marehemu akaja kwa mwalimu na maneno laini. Hakumtisha. Alimwomba tu amwandikie kadhi kwamba hakumbuki kusikia jambo kama hilo. Walipokuwa wakiagana mlangoni, akamkumbusha kwamba binti wa mwalimu ameolewa na mwanawe, na kwamba ni vizuri watoto wakae kwa amani.

Mwalimu alilielewa neno hilo. Akafungua kompyuta yake akaanza kuandika.

Hajafika mbali, kioo kikageuka buluu kote, na maandishi meupe yakamwambia kwamba mashine imepata hitilafu na inajizima. Akaiwasha upya, ikazimika tena. Akadhani ni joto, akaisogeza dirishani na kuielekezea feni. Akadhani ni virusi, akaisafisha. Akafuta programu alizoziweka karibuni, akabadili waya wa umeme, mwishowe akaweka mfumo mzima upya. Ikatulia mpaka akaanza kushukuru, kisha ikaja buluu ileile. Na kila ilipozimika, yeye alizidi kukasirika, maana barua ile alitaka aimalize haraka asije akaifikiria.

Basi akaibeba kwa fundi, mwanamke kijana mwenye duka lake sokoni. Fundi akamwamkia, akamsikiliza mpaka mwisho, akaiwekea mashine kipimo cha kuikagua. Wakakaa wakisubiri. Baada ya muda, mistari myekundu ikaanza kujitokeza kwenye kioo, mmoja nyuma ya mwingine.

"Ni kipande cha kumbukumbu, mzee," fundi alisema. "Kimeharibika. Mashine ikiweka saba humu, ikirudi kuchukua inakuta tisa."

Mwalimu hakutaka mambo ya saba na tisa. "Mwanangu, huwezi kuiondolea tu huku kusimama? Iendelee, hata kama inakosea."

Fundi akatikisa kichwa. "Kusimama si ugonjwa wake. Kusimama ndiko kulikokuokoa. Ikishaona haiwezi kuamini inachokumbuka, inajizima yenyewe kabla haijaandika uongo juu ya kazi zako. Ingekuwa inaendelea, faili zako zingeharibika moja moja, na wewe usijue."

Yule fundi hakujua anamwambia nani. Aliinama akaendelea kufungua skrubu. Lakini mwalimu alikuwa ameganda kwenye kiti. Alilitazama lile bati, zile nyaya na vumbi lake, akaona kama amesimamishwa mbele ya kitu kikubwa mno. Kitu kisicho na roho, kisichojua pepo wala moto, kinakubali kuzimika kuliko kuandika kisicho na hakika nacho. "Subhanallah," alisema kwa sauti ndogo. Fundi akadhani anasifu ufundi wake, akatabasamu.

Kipande kikabadilishwa, mashine ikapona. Mwalimu akarudi nyumbani, akaketi, akaandika: Sikumbuki kusikia. Akangoja. Je, mnadhani kioo kiligeuka buluu? Hakikugeuka. Mashine iliyokwisha kupona ilipokea neno la uongo kwa utulivu uleule ambao ingepokea neno la kweli. Haikuwa na habari na marehemu wala mjane. Hapo ndipo mwalimu alipoogopa hasa, kwa sababu katika chumba kile hakikubaki kitu kingine cha kumsimamisha isipokuwa yeye mwenyewe.

Akakaa na yale maneno mawili. Kisha akayafuta, akaandika aliyoyasikia, kama alivyoyasikia, akatia sahihi.

Mjane alibaki katika nyumba yake. Kaka wa marehemu hakumsalimia tena mwalimu, na binti yake alipata taabu kwa wakwe zake kwa muda mrefu. Hilo sitawaficha. Ukweli ule ulimgharimu, na kuna siku aliulipia kwa machozi.

Sasa turudi kwetu sisi tuliokaa hapa. Mashine ile ilisimama kwa sababu haikujua lililo kweli. Sisi tunalijua, na hatusimami! Tukiulizwa shambani mpaka ulipita wapi, tumesahau? Tukiulizwa nani aliyeanza ugomvi, hatukumbuki? Kumbukumbu zetu hazijaharibika, ndugu zangu. Ni nzima kabisa, Mola wetu ametuhifadhia, na bado mkono unakwenda, ulimi unakwenda, mpaka mstari wa mwisho.

Usingoje mbingu zikuzimie mashine. Kalamu itapokea chochote utakachoipa. Mwenyezi Mungu atujaalie kigugumizi kila tunapotaka kusema uongo, na atupe moyo wa kusimama hapohapo.